Mteremko si wepesi: uwanja wa gofu unatufunza nini?

Neno mteremko limebeba maana mbili katika lugha yetu ya Kiswahili. Ya kwanza ni ya ardhi: mahali panaposhuka kutoka juu kwenda chini. Ya pili ni ya maisha: jambo jepesi, lisilomtoa mtu jasho. Kijana aliyeajiriwa kwa sababu mjomba wake ni mkubwa ofisini huambiwa amepata mteremko, na mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenzake huambiwa anapenda mteremko. Maana hii ya pili imekita mizizi kiasi kwamba nikiwataka wanafunzi wangu watunge sentensi kwa neno hilo, wengi huanzia hapo na kuisahau ardhi kabisa.

Hata hivyo, wahenga walituachia onyo: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Aliyewahi kuukwea mti ule wenye miiba hahitaji kufafanuliwa. Wakati wa kupanda macho yako yako mbele, mikono inashika na mwili unajivuta. Wakati wa kushuka huoni unapokanyaga, na uzito wako mwenyewe unageuka kuwa adui. Basi lugha moja inatuambia mambo mawili yanayopingana: kwamba kushuka ni raha, na kwamba kushuka ndiko kwenye kazi. Lipi ni la kweli?

Swali hili limenijia kwa sababu ya mazungumzo niyasikiayo hapa Awendo. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10 katika shule za upili, neno mteremko limekuwa midomoni mwa watu. Mzazi mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia, “Daktari, watoto wa siku hizi wamepewa mteremko. Hakuna aliyeanguka, wote wamepita.” Mwingine alilalamika kwamba binti yake amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, akauliza kama nchi hii itajengwa na watu wanaocheza mpira. Mwalimu mmoja naye aliniambia kwa uchungu kwamba wanafunzi wake wapya ni wazembe, kwa maana somo linawapita nao wanalitazama tu.

Nataka leo niwajibu watatu hawa kwa mfano wa mchezo ambao hapa kwetu hautajwi sana. Awendo ni mji wa miwa na soka. Gofu tunaisoma magazetini, hasa wakati wa mashindano ya wazi ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo tangu 2019 yamo katika ziara kuu ya wachezaji wa kulipwa barani Ulaya. Wengi wetu huiona kuwa starehe ya matajiri wanaotembea nyuma ya kijipira. Lakini iko sehemu moja ya mchezo huo ambayo kila mwalimu angepaswa kuichunguza, nayo ni pale mwisho, kwenye eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo. Wachezaji huliita grini. Hapo mpira haupigwi tena kwa nguvu. Husukumwa taratibu kwa fimbo bapa ili uviringike hadi utumbukie shimoni. Grini ikiwa tambarare, hata mtoto anaweza. Grini ikiinama, mambo hubadilika.

Niliyajua hayo kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria warsha ya istilahi katika mji mmoja wa nyanda za juu za magharibi, mahali penye uwanja wa gofu uliolala ubavuni mwa kilima. Jioni moja mwenzangu alinishawishi nijaribu. Mpira wangu ulikuwa upande wa juu wa shimo, umbali wa hatua tatu tu. Nikajisemea kwamba huu ni mteremko. Niliugusa mpira kwa upole nilioudhani wa kutosha. Uliondoka polepole, ukakaribia shimo, ukalipita kwa unywele, kisha ukaendelea kwenda. Tulisimama tukiutazama mpaka ukatoka nje ya grini na kuzama katika majani marefu. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini.

Aliyenisaidia ni mzee aliyekuwa akituchukulia mfuko wa fimbo, mtu ambaye wachezaji humwita kedi. Alinivuta kando akasema, “Mwalimu, usilitazame shimo kwanza. Jiulize, mtu akimwaga ndoo ya maji hapa, yataelekea wapi?” Nilitazama upya. Ardhi niliyoiona kuwa imeshuka moja kwa moja, kumbe ilikuwa imeinama pia upande wa kushoto. Mzee yule alikuwa ameisoma grini. Mimi, pamoja na shahada zangu, nilikuwa nimeitazama tu.

Tuyapime maneno yake kwa hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson alitengeneza kijibao cha kupimia kasi ya grini, baada ya kuona wachezaji mashuhuri wakitaabika katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Oakmont. Kifaa hicho, kiitwacho stimpimita, kiliboreshwa na kuenea miaka ya 1970. Kinavyofanya kazi ni rahisi: ubao wenye urefu wa sentimita 91 una kijifuo cha kuwekea mpira. Ukiuinua upande mmoja taratibu, mpira hujitoa wenyewe na kuingia kwenye nyasi kwa kasi ileile kila mara, takriban mita 1.83 kwa sekunde. Umbali utakaosafiri ndio kipimo cha kasi ya grini, nao husemwa kwa futi.

Chukua grini ya kasi ya wastani, ya futi 9, yaani mita 2.74 penye ardhi tambarare. Mwanafunzi wa fizikia akigawa mraba wa kasi ile kwa maradufu ya umbali, atapata kwamba nyasi zinaupunguzia mpira kasi kwa mita 0.61 kwa sekunde, kila sekunde. Sasa iinamishe grini hiyo kwa asilimia 3 tu, yaani sentimita 3 katika kila mita moja. Kwa mpira unaoviringika, uzito wa dunia utaongeza au kupunguza 0.21 katika hesabu hiyo. Mpira unaopandishwa utapunguziwa 0.82, nao utasimama baada ya mita 2.04 hivi. Mpira unaoteremshwa utapunguziwa 0.40 tu, nao utakwenda zaidi ya mita 4.

Msomaji, zitazame tarakimu hizo tena. Msukumo ni uleule, nyasi ni zilezile, na mwinamo ni uleule. Anayepanda amepoteza karibu sentimita 70. Anayeshuka ameongezewa karibu mita 1 na nusu. Kwa hiyo kosa dogo la mkono, ambalo upandaji ungelisamehe, mteremko hulikuza maradufu. Ndiyo maana mchezaji stadi, akiwa mbali na grini, huwa radhi mpira wake usimame chini ya shimo hata ikiwa ni mbali zaidi, kuliko usimame juu yake kwa karibu. Wahenga wa mchongoma walikuwa wameshaifanya hesabu hii bila kalamu.

Ubavu wa grini una taabu yake pia. Mpira unaokatiza mwinamo hauendi kama mstari wa rula. Huanza karibu umenyooka, kisha kadiri unavyopoteza kasi ndivyo unavyozidi kukunja kuelekea chini. Mchezaji hana budi kulenga mahali ambapo shimo halipo, juu yake, akiuachia mwinamo kazi ya kuuleta mpira. Tena mwelekeo na kasi haviachani: mpira wa kasi hukunja kidogo, wa polepole hukunja sana. Mgeni wa mchezo hulilenga shimo lenyewe, na mpira wake hupitia upande wa chini, ambako hauna tena njia ya kurudi juu. Fauka ya hayo, nyasi zenyewe zina mlalo wake, na mpira unaofuata mlalo huo hukimbia kuliko unaoupinga.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi mchezaji ajifunze kusoma, ajizoeze, na mambo yataisha. Ni kweli, ila si kweli yote. Iko hatua ambayo usomaji na mazoezi havimfai mtu kitu, nayo pia hupimika. Katika grini ya polepole, ya futi 7, mpira huweza kusimama mteremkoni hadi mwinamo ukaribie asilimia 11. Katika grini ya kasi, ya futi 12, uwezo huo hukoma mwinamo ukikaribia asilimia 6 na nusu. Maana yake ni kwamba mwinamo wa asilimia 7, ambao uliwahudumia wachezaji wa zamani bila manung’uniko, huwa mtego nyasi zikikatwa fupi kwa mashine za kisasa. Mpira uliokwisha kuanza kushuka hapo hausimami. Huendelea mpaka ardhi itakapolegeza mwinamo. Kilima hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kasi.

Hayo yametokea mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1998, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyofanyika Olympic Club mjini San Francisco, shimo la 18 liliwekwa siku ya pili penye mwinamo mkali. Payne Stewart aliusukuma mpira wake kwa uangalifu, ukalikosa shimo kidogo tu, kisha ukaendelea kuteremka polepole, naye amesimama akiutazama unavyokwenda. Mwishowe alishindwa ubingwa kwa mkwaju mmoja. Mwaka 2004, huko Shinnecock Hills, grini ya shimo la saba ilikauka na kukimbia hivi kwamba siku ya mwisho waandalizi walilazimika kuinyunyizia maji kati ya kundi moja na jingine ili mpira uweze kusimama. Waandalizi walikuwa wamekiri kwa vitendo kwamba tatizo lilikuwa ardhi yao wenyewe.

Uwanja huohuo, mwaka 2018, ulishuhudia kisa kingine. Phil Mickelson, mmoja wa wachezaji mahiri wa kizazi chake, aliusukuma mpira kwenye grini ya shimo la 13, akauona ukilipita shimo na kushika njia ya bondeni. Aliukimbilia akaupiga ungali unaviringika, jambo lililokatazwa. Aliadhibiwa mikwaju miwili, na hesabu yake ya shimo hilo ikafika 10. Simtetei, kwa maana sheria ni sheria. Nasema tu kwamba mtu aliyefundishika, mwenye jina na heshima, alifikia kuvunja kanuni mchana kweupe pale alipohisi kwamba uwanja haumpi nafasi ya kutii. Walimu wenzangu tunaosimamia mitihani tukitafakari kisa hicho kwa dakika moja, tutaelewa jambo fulani kuhusu udanganyifu ambalo adhabu peke yake haijatufunza.

Sasa niwarudie watu wangu watatu wa Awendo.

Mzazi aliyesema kwamba kupita kwa wote ni mteremko, amesema kweli bila kujua. Zaidi ya wanafunzi milioni moja walifanya tathmini ya mwisho wa shule ya sekondari msingi mwaka 2025, na mwaka uliofuata wakavuka pamoja. Ni mteremko, lakini wa aina ya grini. Zamani mtihani ulikuwa ukuta: wengi walizuiwa mlangoni, na aliyezuiwa alijua amezuiwa. Leo mlango u wazi, mtoto anaingia kwa kasi, na hakuna kitu cha kumpunguzia mwendo ila mwalimu, maabara, kitabu na karakana. Vitu hivyo ndivyo nyasi za uwanja wetu. Vikiwa haba, mtoto hataanguka mlangoni kama zamani. Atapita shimo kimyakimya, aendelee kuviringika hadi majani marefu, na sisi tutakuwa tumesimama tukitazama.

Mwalimu aliyelalamika kwamba wanafunzi wake ni wazembe, namwomba apime uwanja kabla ya kumlaumu mchezaji. Vyumba vyetu vingi vya madarasa ni vilevile, na vitabu vya rejea havijatosha. Walimu wengi wanafundisha mkondo ambao wao wenyewe hawakuusomea. Juu ya ardhi hiyo ya zamani tumeleta kasi mpya: mikondo mitatu, masomo mapya, miradi na tathmini za kila muhula. Mwinamo wa asilimia 7 uliobebeka jana haubebeki leo. Iwapo mwanafunzi mmoja anakosa shimo, huenda kosa ni la mkono wake. Iwapo darasa zima linakosa upande uleule, basi atazamwe aliyelichimba shimo.

Sisemi hivyo ili kumwondolea mwanafunzi wajibu. Mimi mwenyewe, jioni ile ya aibu, sikuonewa na uwanja. Wengine waliucheza, na mzee yule wa mfuko angeucheza macho yamefumbwa. Nilikosa kusoma. Kazi yetu ni kutofautisha mambo haya mawili, kosa la mchezaji na kosa la uwanja, wala hatuwezi kuyatofautisha kwa hasira au kwa kukisia. Tunahitaji kipimo, kama Stimpson alivyohitaji ubao wake.

Naye mzazi anayehofu kwamba mkondo wa michezo ni mteremko wa wavivu, namwomba ahesabu ni masomo mangapi yamepita katika makala haya: hesabu, fizikia, elimu ya udongo na nyasi, historia, maadili, na lugha. Tena nyasi zenyewe si ngeni. Aina maarufu iitwayo kwa jina la Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo imetapakaa katika viwanja vya gofu vya California na Australia. Tuliwapa walimwengu nyasi. Yaonekana hesabu yake tumewaachia pia.

Wakazi wa Awendo tunajua kwa uzoefu jinsi mteremko unavyokuza kosa. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, tuliyozoea kuiita SoNy, iliundwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa mwaka 1979. Timu yake ya soka ilipanda taratibu, msimu baada ya msimu, mpaka ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Kushuka hakukuchukua muda kama huo. Katika msimu wa 2019/2020 ilitupwa nje ya ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu, kwa kukosa fedha. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda chenyewe kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, sawa na viwanda vya Nzoia, Chemelil na Muhoroni. Wapo wanaosema kwamba sasa mambo yatakuwa mteremko. Huenda wakasema kweli. Ila nawasihi waulize ni mteremko wa maana ipi.

Nimalizie kwa pendekezo ambalo halihitaji mfadhili. Mwalimu wa hisabati katika shule yoyote ya hapa aombe kwa fundi seremala ubao wa sentimita 91, auchonge mfuo katikati na kijishimo karibu na ncha moja. Atafute gololi au kijipira kigumu. Awatoe wanafunzi nje, kwenye uwanja uliopigwa na kulainishwa, wapime umbali penye tambarare, kisha wapime penye mwinamo, kupanda na kushuka. Wazijaze tarakimu katika jedwali na kuchora grafu. Baadaye mwalimu wa Kiswahili awapokee, awatake waeleze kwa maandishi walichokiona. Hapo ndipo watakapogundua kama mimi kwamba tuna maneno mengi ya kushuka na machache ya kueleza namna ya kushuka: mpira unakunja, unapinda, unalala ubavu, au unatambaa? Istilahi huzaliwa na watu wenye jambo la kusema. Kamati zetu huziandika tu.

Nao wakulima wa miwa waalikwe siku hiyo. Hakuna anayejua kuliko wao ni wapi maji ya mvua yatapita na ni wapi pa kuweka tuta ili udongo usiende mtoni. Elimu yao na ya mzee wa mfuko ni moja: kuisoma ardhi kabla ya kuiwekea mkono. Elimu hiyo imekaa nje ya ua wa shule zetu miaka mingi, ikisubiri kuulizwa.

Nilipoagana na mzee yule jioni ile, nilimwuliza ilimchukua muda gani kuzijua grini zote za uwanja wake. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba za kupanda alizijua upesi. Za kushuka, alisema, bado anajifunza.